Cheni Iliyonolewa Upande Mmoja

Miaka ile ya sabini ungemwuliza mtu yeyote wa Birongo ni nani mwenye pawaso, angekuonyesha kwa kidevu mteremko unaotazama mashariki, penye nyumba ya mabati iliyozungukwa na migomba. Na kabla hujauliza la pili angekwambia: "Lakini usiende Jumamosi. Utachosha miguu bure."

Mwenyewe ni Ishmael Ogari, mtu mrefu, mzito wa maneno, mwenye kucha nyeusi za oili ambazo sabuni zote za sokoni zilikuwa zimeshindwa nazo. Pawaso yake, ule msumeno wa injini, ilikuwa ya pekee katika vilima vile. Ikinguruma upande huu wa bonde, kuku wa upande wa pili walijificha. Watu walidhani kazi yote ni ya injini. Walikuja kutazama mti ukianguka, wakapiga vigelegele, wakaenda zao. Hakuna aliyekaa kumtazama Ishmael akinoa cheni, na kusema kweli hapakuwa na cha kutazama: mtu ameinama, tupa nyembamba mkononi, anasukuma, anasukuma, hata salamu haitiki.

Kunoa alifundishwa Kericho, kwenye mashamba ya chai, na fundi mmoja Mjaluo aliyeitwa Otiende. Meno ya cheni ya pawaso hukaa kwa zamu, moja likielekea kulia, linalofuata kushoto. Mnoaji hufanya yote ya upande mmoja, kisha hugeuka akafanya ya upande wa pili, na kila jino lazima lipate misukumo sawa na mwenzake. Upande mmoja ukizidi makali, msumeno huvutwa kwenda upande huo, na mkato unapinda kama njia ya mlevi. Otiende alikuwa mkali kuhusu jambo hili kuliko lingine lolote. "Ogari," alikuwa akisema, "cheni butu itakuchosha tu. Cheni ya upande mmoja itakudanganya. Ukianza kunoa, maliza, hata kama nyumba yako inaungua."

Ishmael aliyashika yote aliyofundishwa, isipokuwa hilo la mwisho halikupatana na Sabato. Kwao Nyanchwa, alikozaliwa, Sabato haikuwa jambo la kupigia hesabu. Jua likizama Ijumaa, jembe linawekwa chini hata kama limebaki shina moja la mahindi. Kericho walipomtaka akate miti Jumamosi alikataa, wakamtaka tena, akakataa tena, wakamfukuza. Alirudi nyumbani na pawaso mbovu aliyouziwa kama chuma chakavu, akaifufua kwa mikono yake, akaoa, akajenga Birongo. Mtu aliyeacha mshahara kwa ajili ya jua la Ijumaa, unadhani utamwambia nini kuhusu jua la Ijumaa?

Ila jua la nyumbani kwake lilikuwa na kasoro yake. Nyumba ilikaa upande wa mashariki wa kilima, kwa hiyo jua lilijificha nyuma ya kilima mapema, na ua wake ukaingia kivuli wakati ng'ambo ya bonde bado kunang'aa. Ng'ambo hiyo ndiko kulikokuwa na boma la mama mkwe wake, Kwamboka, mjane aliyekuwa akiishi na mwanawe Ombui. Ishmael hakulijali jua la ng'ambo. Likishatoka uani kwake, kwake lilikuwa limezama.

Ijumaa moja ya Aprili, mwaka wa sabini na nne, alirudi jioni kutoka kupasua mbao, akakaa juu ya gogo lake akanoa. Alimaliza meno yote ya upande wa kulia. Akageuza pawaso, akaiweka vizuri, akashika jino la kwanza la kushoto. Mkewe Nyanchera akamwita kutoka jikoni.

"Baba Esnah, jua limeingia. Maji ya kuoga yanapoa."

Akainua macho. Ua ulikuwa na kivuli. Ng'ambo, mabati ya Kwamboka yalikuwa bado yanameta, jua limeyapiga moja kwa moja. Mwanga ule ungemtosha kumaliza. Lakini alikuwa na msimamo wake, na msimamo ukikaa muda mrefu ndani ya mtu huanza kufanana na uvivu. Akaifuta tupa, akaifunga kwenye kitambaa chake, akaiingiza pawaso ndani ya sanduku. Angemalizia Jumapili.

Jumamosi walikwenda kanisani, wakarudi, wakala wali na mboga za chinsaga zilizopikwa jana yake. Mawingu yalikuwa yameshakusanyika. Mvua ilianza na upepo, na upepo ukaleta mvua ya mawe, mabati yakalia hadi watu wa nyumba moja wasisikilizane. Mawe yalipopungua ndipo waliposikia kelele kutoka ng'ambo. Si kelele ya kuita mbuzi. Nyanchera alitoka mlangoni, akasikiliza, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Ni kwa mama."

Mkaratusi mkubwa wa mpakani mwa boma la Kwamboka ulikuwa umeng'oka na mizizi yake, ukaangukia nyumba upande wa chumba cha kulala. Kwamboka alikuwa amejilaza humo baada ya kanisa.

Ishmael alibeba pawaso begani, galoni ya petroli mkono mmoja, mfuko wa spana mwingine, akateremka bonde akiteleza, akavuka mto ambao tayari ulikuwa umebadilika rangi, akapanda. Njia nzima hakukumbuka ile cheni. Alikuwa anafikiria mti tu, umelalaje, umeegemea nini.

Alipofika watu walikuwa wamejaa. Mabati yalikuwa yamekunjwa kama karatasi. Shina la mti, nene kuliko pipa, lilikuwa limelala juu ya ukuta wa udongo wa chumba, na ndani, kati ya shina na kitanda cha chuma kilichopindika, alikuwamo Kwamboka, mguu mmoja umebanwa. Wanaume walikuwa wamejaribu kuinua wakashindwa. Mmoja alishika shoka, mzee wa kanisa Abner akamzuia, maana kila pigo la shoka lilitikisa ukuta. Na ukuta wenyewe ndio uliokuwa unatisha. Mvua ilikuwa bado inanyesha juu yake bila paa, udongo unalowa, unamomonyoka kidogo kidogo. Kila bonge lililodondoka, shina lilishuka nalo.

"Shemeji, kata!" Ombui alipiga kelele, panga mkononi, suti ya kanisani imelowa chapachapa. "Unatazama nini? Kata!"

Ishmael aliuona mpango wake mara moja. Mkato wa kwanza ungekuwa nje, upande wa mizizi. Wa pili ndani ya chumba, karibu kabisa na Kwamboka. Kipande cha katikati kingebaki kifupi, wanaume wangekiinua. Mikato yote ilitakiwa ishuke wima. Ukipinda, shina lingejibana, na likijibana lingejiviringisha, na lingejiviringisha kuelekea chini ukutani, aliko mama mkwe.

Akavuta kamba, pawaso ikanguruma, akaiweka juu ya shina.

Ilikula vizuri mwanzoni. Kisha akahisi mikono ikivutwa. Kidogo tu, upande wa kulia. Akairudisha. Ikavuta tena. Ndipo alipokumbuka meno ya kushoto. Akajaribu kuilazimisha wima kwa nguvu za mabega, lakini cheni haisikii mabega. Mkato ukapinda, shina likalia, likajifunga na kuubana upanga wa pawaso, ule ubapa wa chuma unaozungukwa na cheni, katikati ya mti. Injini ikazima. Shina likacheza mara moja, si zaidi ya upana wa kidole, na bonge la ukuta likaanguka.

Ndani Kwamboka alipiga ukelele ambao Ishmael aliusikia maisha yake yote.

Wanawake wakaanza kulia. Ombui akamjia. "Umefanya nini? Wewe umefanya nini?"

"Leteni mtaimbo," Ishmael alisema. "Na kabari. Panueni hapa, polepole."

Waligonga kabari, wakapanua mkato kwa mtaimbo, wakauchomoa upanga. Ishmael akaigeuza cheni, akapitisha kidole gumba juu ya meno. Kulia, makali. Kushoto, butu. Ilikuwa kama alivyoiacha, na nani mwingine angeigusa? Hapakuwa na wa kumsingizia. Akaenda pembeni, akakaa kwenye matope, akafungua kitambaa cha tupa.

Mtu fulani alicheka, kile kicheko cha mtu asiyeamini macho yake. Ombui hakucheka.

"Anaketi! Mama anakufa, yeye anaketi! Unanoa? Sasa hivi ndio unanoa?"

"Cheni imenolewa upande mmoja," Ishmael alisema bila kuinua uso. "Nikikata hivi nitamwangushia mti."

"Kwa nini imenolewa upande mmoja?"

Angeweza kusema lolote. Jiwe, msumari ndani ya mbao, tupa imekwisha. Watu wangeamini. "Jana jua liliniingilia," alisema. "Nikaacha."

Wote pale walikuwa watu wa kanisa moja, wote walikuwa wameweka kitu chini jana jioni. Ombui aliinua panga. Sijui kama angelishusha, na hata yeye, ukimwuliza, alikuwa akisema hajui. Kabla mtu hajamshika, sauti ilitoka ndani ya nyumba, nyembamba lakini haikutetemeka.

"Ombui."

"Mama!"

"Mwambie mume wa dada yako anoe. Anoe mpaka amalize."

Hakumwambia Ishmael mwenyewe. Miaka yote ile hakuwahi kumsemesha ana kwa ana, wala yeye hakuwahi kumpa mkono. Hiyo ndiyo chinsoni, ile heshima ya Wagusii inayomweka mkwe mbali na mama mkwe wake: hamgusi, haingii anapolala, na neno la kumwambia hupitia kwa mtu mwingine. Hata chini ya mti Kwamboka hakuisahau.

Abner, mzee wa kanisa, alivua koti lake la Sabato, akalitupa juu ya ua, akapiga magoti matopeni mbele ya Ishmael. Akashika upanga wa pawaso kwa mikono miwili usitikisike.

"Noa, kijana."

Ishmael akanoa. Sukuma, inua, sukuma, inua, sukuma. Jino linalofuata. Kila jino lilitaka misukumo sawa na ya jana, na mkono wake ulitaka kupunguza, ulimsihi apunguze, miwili ingetosha, nani angejua? Cheni ingejua. Maji yalimtiririka usoni akayapangusa kwa bega. Nyuma yake bonge lingine likaanguka, watu wakaguna, naye akahesabu kimoyomoyo asije akaruka jino. Nyanchera alikuwa amefika, amesimama dirishani kwa mama yake akimsemesha, akitaja majina ya shangazi zake, ya mbuzi, chochote, ili amjibu. Mwanzo Kwamboka alijibu. Kisha akajibu kwa kuguna. Kisha Nyanchera akasema, "Mama?" na baada ya kitambo tena, "Mama?" na hapakuwa na jibu.

Tupa ikasimama.

"Usinitazame mimi," Abner alisema. "Tazama jino."

Alimaliza. Meno ya mwisho aliyanoa akilia waziwazi, mtu mzima, mbele ya ukoo wa mkewe, na hakuona haya. Akalegeza nati za upanga, akageuza bisibisi hadi cheni ikakaza, akaivuta kwa vidole na kuiachia. Ikarudi yenyewe mahali pake. Akakaza nati.

Mkato wa nje aliurudia pembeni ya ule uliopinda. Safari hii pawaso ilizama wima, vumbi la mti likitoka kwa chembe kubwa, mikono yake haikuvutwa popote. Shina halikucheza. Ukabaki wa ndani.

Alisimama penye mlango wa chumba, pawaso inanguruma mkononi, na miguu ikakataa. Unaweza kumcheka. Lakini wewe hukulelewa pale. Tangu utotoni alikuwa amejua kwamba chumba kama kile, kitanda kama kile, ni mahali ambapo mguu wake haungekanyaga hadi kufa kwake. Akamtazama Nyanchera.

"Mfunikeni," alisema.

Nyanchera na mwanamke mwingine wakapenya, wakamfunika mama kwa blanketi kuanzia kifuani, wakamziba na uso kwa kanga. Ishmael akaingia ubavu ubavu, macho yameganda kwenye mti. Nafasi ilikuwa finyu hivi kwamba kiwiko chake kiligusa blanketi. Hakujua kama chini yake mna mtu au maiti. Akaiteremsha pawaso.

Katikati ya mkato cheni ilipata moto na kulegea, akaisikia ikianza kupiga chini ya upanga. Ilimbidi azime injini, alegeze nati, aikaze tena, mle mle, mvua ikimpiga kisogoni na ukuta ukidondoka, kwa vidole vilivyokuwa vikiungua. Hakuharakisha. Haraka zote alikuwa amezimaliza jana jioni, alipokimbilia maji ya moto. Akawasha tena, akashuka taratibu, na mwishoni kabisa akahisi mti ukimwachia, bila kubana wala kuviringika.

"Inueni!"

Wanaume wakakishika kile kipande, wakakiinua kwa sauti moja. Ishmael aligeuka akatazama ukuta, kwa sababu blanketi lilikuwa limeteleza na haikumfaa kuona. Akawa anasikiliza tu. Akasikia miguu, akasikia kitanda kikiburutwa, akasikia mtu akisema "polepole, polepole." Kisha akasikia Kwamboka akivuta pumzi kwa uchungu mkubwa na kumtukana Ombui kwa kumkanyaga.

Walimfungia machela ya miti na mablanketi, wakambeba kwenda barabarani kutafuta gari la kumpeleka hospitali mjini Kisii. Umati wote ukawafuata. Ishmael akabaki peke yake, amekaa kwenye kisiki cha mkato wake uliopinda, akilegeza cheni. Cheni iliyokazwa ikiwa ya moto haiachwi hivyo, ikipoa hujikaza ikaharibu injini. Mikono ilifanya kazi hiyo yenyewe. Yeye alikuwa bado ndani ya kile chumba.

Mguu wa Kwamboka ulitibiwa, lakini ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Muda wote wa hospitali Ishmael hakwenda, hangeweza kwenda kusimama kando ya kitanda cha mama mkwe. Nyanchera alikwenda na kurudi. Ishmael akimwuliza, "Anasemaje?" alijibiwa, "Anaendelea," na kisha mwanamke aligeukia sufuria zake. Nyumba ilikuwa nzito. Nyanchera alimkasirikia kwa sababu aliacha kunoa, na alijikasirikia kwa sababu ndiye aliyemwita aache, na hilo la pili alishindwa kulisema. Watu walianza tena kuleta kazi. Ishmael alipasua mbao zao, lakini jioni akinoa alikuwa akipitisha kidole upande wa kushoto mara mbili, mara tatu, na bado alilala bila kuamini. Alichotaka kujua kilikuwa kimoja tu: yule mama, akijikokota kwa fimbo, alikuwa akimwona yeye kuwa nani. Na hapakuwa na njia ya kumwuliza.

Kwamboka alirudishwa nyumbani mvua zilipokwisha. Ombui alikuwa amemjengea chumba kipya, kwa mbao za ule mkaratusi, ambazo Ishmael alizipasua bila kusemeshwa.

Ijumaa iliyofuata alikuwa kwenye gogo lake. Alimaliza kulia, akageuka kushoto, na kazi ilikuwa nyingi siku hiyo, amechelewa. Meno machache yalikuwa yamebaki kivuli kilipoingia uani. Nyanchera alikuwa jikoni. Safari hii hakumwita. Ishmael alishika tupa hewani, hajui aiweke au aiendeleze.

"Baba Esnah!"

Sauti ilivuka bonde. Aliinua kichwa. Ng'ambo, mwisho wa migomba, mabati yakimeta nyuma yake, mwanamke alikuwa amesimama na fimbo. Alikuwa anamwita yeye. Si Nyanchera, si Ombui amwambie. Yeye.

"Naam, mama!"

"Umemaliza pande zote mbili?"

"Bado! Jua limeingia, mama!"

Kwamboka aliinua mkono akakinga uso.

"Limeingia kwako!" aliita. "Huku kwangu bado lipo, linaniumiza macho! Wewe maliza. Likizama nitakwambia!"

Nyanchera alitoka jikoni akifuta mikono, uso umelowa, akapiga magoti mbele ya mumewe akaushika upanga wa pawaso usitikisike. Ishmael akalishika jino lililofuata. Ng'ambo mama yao alibaki amesimama kwenye mwanga, amelitazama jua, akiwangojea wamalize.